Mtu ametangaza kwenye kundi kwamba huvutiwa kingono na watoto. Admini aanze na lipi?

Mlinzi_wa_Kundi

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo wa wenye utaalamu wa sheria, ustawi wa jamii na afya ya akili.

Kundi ni la Facebook, la mtaa mmoja hapa Dar, lenye watu elfu kadhaa. Mwanachama mmoja, mtu mzima, kaandika posti ndefu kwamba tangu ujana anavutiwa kingono na watoto, hajawahi kumgusa mtoto yeyote, na anaomba "aeleweke". Ndani ya saa chache maoni yamefika mamia. Skrinishoti zimehamia WhatsApp. Kuna aliyebandika picha yake akiwa na watoto wawili waliovaa sare, beji ya shule inasomeka. Mwingine kaandika anakokaa, na wa tatu kajibu "vijana tukutane saa mbili".

Maswali ni haya. Tuifute posti au tuiache? Alichoandika ni kosa la jinai? Tuanzie polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa? Ndugu zake wenye watoto waambiwe nini? Na wale wanaosema tukifunga maoni tunamtetea, tuwajibuje? Nawasilisha.

Fundi_Ushahidi

Mkuu, kwanza kabisa zima maoni kwenye ile posti, ila usiifute bado. Ukifuta sasa hivi unabaki na skrinishoti za mitaani ambazo kila mtu kazikata anavyotaka. Maoni yenye picha ya watoto na yenye mahali anapoishi hayo yashughulikie ndani ya dakika hizi hizi: piga picha ya skrini, nakili linki ya oni lenyewe, kisha ondoa.

Kabla hujaamini kwamba ni yeye kaandika, fungua wasifu wake, usiishie kwenye jina. Jina hubadilishwa kwa dakika moja, picha huibwa kwa sekunde. Kinachotambulisha akaunti ni anwani yake kule juu kwenye kivinjari, ile yenye jina la mtumiaji au tarakimu ndefu. Nakili hiyo. Kisha tazama akaunti ina posti za zamani zenye maoni ya ndugu na marafiki, au ilifunguliwa juzi ikajazwa picha tatu. "Kukiri" kwa uongo kwa jina la mtu ni silaha ya siku nyingi: mtalaka, mgombea mwenzako, mwenye mgogoro wa kiwanja. Na skrinishoti peke yake haithibitishi chochote, maana maandishi ya ukurasa wowote yanabadilishwa kwenye kompyuta bila hata programu maalumu, kisha inapigwa picha safi kabisa. Mtu akikuletea skrinishoti bila linki, mwombe linki.

Ukisharidhika, kusanya hivi: linki ya posti, linki ya wasifu, picha ya posti nzima ikionyesha tarehe na saa (bonyeza kwenye "saa 3 zilizopita" ili ikupe tarehe kamili), na video ya skrini ukishuka kutoka jina lake hadi mwisho wa maoni. Andika pembeni nani kapiga, kwa simu gani, saa ngapi. Simu hiyo isiuzwe wala isifutwe, na mafaili yasipitishwe WhatsApp kama picha za kawaida kwa sababu WhatsApp huyabana na kuondoa taarifa za ndani ya faili. Yatume kama nyaraka au weka kwenye flashi.

Kwa upande wa WhatsApp, hamisha gumzo bila midia, utapata faili la maandishi lenye tarehe na saa. Ila kama kundi limewashiwa ule mpangilio wa faragha ya ziada, kuhamisha kumezuiwa, na kama ujumbe umewekewa kujifuta, una muda mfupi. Kuripoti ndani ya WhatsApp kunawapelekea kampuni jumbe tano tu za mwisho, kwa hiyo usidhani umewakabidhi mjadala mzima.

Hapa maadmini wengi huchemka: wanamtoa mtu kwenye kundi huku wameweka tiki kwenye lile chaguo la kufuta alivyoandika siku za karibuni. Ushahidi unakwenda na yeye. Na akifuta akaunti mwenyewe, Facebook humpa siku 30 za kughairi, baada ya hapo data huanza kufutwa moja kwa moja. Polisi wakituma ombi, kampuni huhifadhi nakala ya akaunti kwa siku 90 wakisubiri hati rasmi. Ndiyo maana hili halisubiri Jumatatu.

Jambo moja halina mjadala. Ukikutana na picha au video ya mtoto ya kingono mahali popote kwenye mnyororo huu, usipige skrinishoti, usihifadhi, usimtumie mtu hata kwa nia ya "kuonyesha ushahidi". Andika linki, jina la akaunti na saa, basi. Ripoti ndani ya mtandao husika na polisi, na Tanzania tuna pia lango la kuripoti la Internet Watch Foundation ya Uingereza ambalo halikulazimishi kutaja jina lako.

Kisiki

Mnazunguka sana. Mtu kasema mwenyewe kwa mdomo wake. Nyie mnaongelea linki na flashi, watoto wetu je?

Wakili_Uswahilini

Kisiki, hasira inaeleweka, lakini tutenganishe vitu.

Kanuni ya Adhabu inaadhibu matendo. Hisia, hata ya kuchukiza, haina kifungu. Kinachobadilisha hesabu ni maneno mengine yaliyomo kwenye posti hiyo hiyo, kwa hiyo isomeni tena taratibu, mstari kwa mstari. Je, kataja kitendo chochote, hata cha zamani, hata kwa mafumbo? Kataja kuwa na picha? Kataja mtoto fulani, au mahali anapokutana na watoto? Kawaalika watu wenye hisia kama zake wamfuate inboksi? Anadai kwamba mtoto anaweza kuridhia? Lolote kati ya hayo linaitoa posti kwenye kundi la kuungama na kuiingiza kwenye upelelezi. Kumbaka mtoto chini ya miaka 18 hakuna utetezi wa "alikubali" (kifungu cha 130), na akiwa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Unyonyaji wa kingono wa watoto uko 138B. Picha za ngono za watoto ziko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, na sheria haimsamehe aliyesambaza kwa sababu alikuwa na hasira.

Hata kama hakuna kosa, kutoa taarifa kuna msingi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa, na afisa ustawi wa jamii ndiye anayeifanyia kazi. Huhitaji kuthibitisha kosa ili afisa aende kuangalia hali ya watoto wa nyumba ile. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya 2011.

Sasa hao wa "tukutane saa mbili". Mtu akifa, ni mauaji, kifungu cha 196. Na kwa kanuni ya nia ya pamoja, kifungu cha 23, si aliyerusha jiwe tu anayeshtakiwa. Aliyeandika anwani na aliyeandika saa ya kukutana nao wana la kujibu, na ujumbe wao unasomeka wazi kuliko hata posti ya mtuhumiwa.

Anayetaka mfano asome habari ya Bijan Ebrahimi, Bristol, Uingereza, Julai 2013. Alikuwa mlemavu, mkimbizi kutoka Iran. Alichukua video ya vijana aliodai wanaharibu maua yake, majirani wakatafsiri kwamba anapiga watoto picha. Polisi walipomchukua, umati ulikuwa nje unamzomea. Wakakagua vifaa vyake, hawakukuta kitu, wakamrudisha nyumbani. Siku mbili baadaye jirani alimpiga hadi kufa na kuuchoma mwili. Polisi wawili waliopuuza simu zake walifungwa mwaka 2016. Na mwaka 2000 huko huko Uingereza, gazeti lilipoanza kuchapisha majina na picha za wahalifu wa kingono dhidi ya watoto, familia zisizohusika zilihama nyumba zao Portsmouth.

Mama_Ustawi

Kisiki mwanangu, swali lako la watoto ndilo lenyewe, tatizo ni kwamba umati hauliulizi. Umati unauliza "anakaa wapi". Afisa ustawi anauliza "anakaa na nani".

Mlinzi_wa_Kundi, anza hivi. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Waambie maneno matatu: mtu mzima katangaza mvuto kwa watoto, inaonekana anao watoto wa karibu, na kuna tishio la kuvamiwa. Hilo la tatu usilisahau, kwa sababu nyumba ikivamiwa usiku, hao watoto wawili wa kwenye picha wamo ndani. Kisha nenda kituo cha polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto. Usiishie kaunta, kwa sababu pale mbele unaweza kuambiwa "hakuna kosa, nendeni". Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wapewe taarifa pia, ila kwa mdomo, ofisini. Sio kwenye kundi la wajumbe, maana baada ya dakika kumi mtaa mzima unayo.

Orodha ya kumpa afisa ni fupi. Watoto gani wanalala nyumba moja naye. Anafundisha, anaendesha basi la shule, madrasa, kwaya, timu ya mpira, tuisheni? Nani humwachia mtoto jioni? Anatumia simu gani na watoto wanaishika? Mambo ya "nilimshuku tangu zamani" yaache, yanapoteza muda.

Ndugu zake waambiwe na mtu mmoja wanayemheshimu, uso kwa uso. Masharti ni ya vitendo: asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika za kwenda dukani, asiogeshe, asilale chumba kimoja na watoto, asitumwe kuwachukua shule, asitumie simu yake kuwachezesha. Na hayo yanafanyika hata kama wote wanaamini kwamba "hajawahi". Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, wamepitia ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mara nyingi aliyefanya alikuwa mtu wanayemjua. Familia zinaharibikiwa pale anaposema "ni mjomba wao bwana, kajieleza mwenyewe, anastahili kuaminiwa". Kujieleza hakumfanyi awe salama. Hakuthibitishi pia kwamba katenda.

Mtoto asihojiwe na kila shangazi anayepita. Mtu mmoja, mahali tulivu, maswali ya wazi: "Ukiwa na anko huwa mnafanya nini?" Sio "Alikushika hapa?" Swali la namna hiyo linampandikizia mtoto jibu, na mahakamani wakili wa upande wa pili atalishika hapo hapo. Mtoto akisema jambo, msikilize hadi mwisho, mwambie hajakosea, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyasafishe yawe ya kiungwana.

Kama ametendewa na ni karibuni, saa zinahesabika. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi (nailoni hutunza unyevu na kuharibu vielelezo). Dawa za kinga ya VVU ni ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo, kinga ya mimba ni hadi saa 120. Hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono ina daktari, polisi na ustawi mahali pamoja, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) inajazwa pale pale. Pasipo na kituo hicho, matibabu yasisubiri fomu.

Na ile picha yenye beji ya shule: mwambie mwalimu mkuu leo. Si lazima umweleze habari yote. Mwambie picha ya wanafunzi wake inasambaa, na asimkabidhi mtu yeyote watoto hao ila mzazi anayemfahamu.

Dkt_Nje_ya_Zamu

Nitagusa upande wa mwandishi wa posti, kwa sababu humu lazima yupo anayesoma kimya kimya akiwa na hali hiyo.

Usitangaze mtandaoni. Wanaokufuata inboksi wa kwanza baada ya posti kama hiyo ni wa aina mbili: wanaotaka hela wasikuanike zaidi, na wenye picha za watoto wanaokuona mteja. Kwa hiyo posti ya "kuomba msaada" inamsogeza mtu karibu na jinai. Juu ya hapo, watoto wa familia yako wanatambulika bila hatia yoyote. Mwaka 2015 jarida la mtandaoni la Salon huko Marekani lilichapisha makala ya mtu aliyejitaja kwa jina lake halisi na kusema hajamdhuru mtoto. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na baadaye jarida lenyewe likaiondoa makala.

Pa kwenda ni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa: Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, au ya mkoa wako. Dirishani huna haja ya kueleza chochote zaidi ya "nahitaji daktari wa akili". Ukifika ndani, sema wazi. Utaulizwa umri unaokuvutia, imeanza lini, unaishi na watoto, umewahi kutazama picha, unakunywa pombe, una mawazo ya kujiua. Siri ya daktari ina mpaka: ukitaja mtoto aliye hatarini au kitendo kilichofanyika, ulinzi wa mtoto unatangulia. Daktari mzuri atakueleza hilo kabla hujaanza kusimulia.

Kwa vigezo vya mwongozo wa Marekani wa 2013 wa kutambua magonjwa ya akili (DSM-5), ili hali hii ihesabiwe ugonjwa, mvuto uwe mkali na wa kujirudia kwa miezi 6 au zaidi, kwa watoto ambao hawajabalehe, kwa kawaida miaka 13 kushuka, na mhusika awe na angalau miaka 16 na amzidi mtoto miaka 5. Hapo kuna mambo mawili ambayo maadmini huyakosa. Aliyeandika posti ya aina hii anaweza kuwa kijana wa miaka 15, naye ni mtoto kisheria, kwa hiyo anapelekwa ustawi na jina lake halitajwi popote. La pili, wapo watu wanaotishwa na wazo linaloingia kichwani bila kulitaka, wanajichunguza mchana na usiku, wanakimbia watoto wa ndugu kwa woga. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa mawazo lazimishi, unatibiwa kivingine kabisa. Hakuna anayeweza kutofautisha haya kwa kusoma posti.

Tiba ipo. Hospitali ya Charité ya Berlin inaendesha mpango wa siri kwa watu wa namna hii tangu 2005. Msingi wake ni mazungumzo ya tiba: kujua mazingira yanayoongeza hatari, kuyakata, kuacha visingizio. Kuna pia dawa za kushusha homoni. Jaribio la Karolinska, Sweden, lililochapishwa 2020 likiwa na wanaume 52, lilionyesha sindano moja ya degarelix ilipunguza viashiria vya hatari ndani ya wiki mbili. Dawa hizo hudhoofisha mifupa na huhitaji vipimo vya damu, si za kujinunulia duka la dawa.

Nisieleweke vibaya. Anayeandika ili jamii "ikubali" mvuto huo kama jambo la kawaida, posti yake iondolewe bila mjadala. Mtoto hana uwezo wa kuridhia, na huko kuzoeza masikio ndiko wakosaji hupitia.

Kisiki

Dokta nimekupata. Bado nasema asiachwe mtaani hivi hivi.

Nyali_Bahari

Kwa ndugu zetu wa Kenya wanaosoma: 116 inafanya kazi huku pia. Sheria ni Sexual Offences Act ya 2006 na Children Act ya 2022. Kusambaza picha za ngono za watoto ni kifungu cha 24 cha sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, na kumwandama mtu mtandaoni ni cha 27 cha sheria hiyo hiyo. Mkipeleka skrinishoti kortini, aliyezitoa aandike cheti cha kifungu cha 106B cha Evidence Act, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi zilivyotolewa. Bila cheti, hakimu anaweza kuzikataa. Hospitalini ulizeni fomu ya PRC (ya huduma baada ya ubakaji), na P3 ni ya polisi. Msiache moja kwa kudhani nyingine inatosha.

Mlinzi_wa_Kundi

Nashukuruni sana wakuu. Maoni yamezimwa, oni la anwani na la picha yameondolewa, 116 wamepokea taarifa. Linabaki tangazo. Wanachama wanadai tumemficha. Tuandike nini bila kumtaja na bila kuonekana tunamkingia kifua?

Fundi_Ushahidi

Liwe fupi na lisitaje jina, jinsia wala mtaa. Bandika hivi:

"Posti ya leo iliyohusu watoto imefungwa na taarifa zake zimekabidhiwa kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto. Mwenye taarifa ya mtoto aliyedhurika au aliye hatarini apige 116 au afike Dawati la Jinsia na Watoto, asiandike hapa. Ni marufuku kubandika picha za watoto, anwani au wito wa kwenda nyumbani kwa mtu. Atakayefanya hivyo ataondolewa na maandishi yake yatapelekwa polisi pamoja na mengine."

Hiyo sentensi ya mwisho iache kama ilivyo, ndiyo inayotuliza kundi kwa haraka. Usiandike "polisi wamethibitisha" wala "hana hatia", kwa sababu hujui lolote kati ya hayo. Weka idhini ya posti kwa admini kwa wiki nzima, kwa maana jioni ya pili huja posti za kuigiza.

Mama_Ustawi

Na baada ya siku tatu mpigie afisa ustawi wa kata umuulize kama kafika nyumbani kwa wale watoto. Kama hajafika, panda kwa afisa ustawi wa halmashauri ukiwa na tarehe na saa uliyotoa taarifa 116. Ukiwa na tarehe na saa mkononi, hawana pa kukwepea.

Wakili_Uswahilini

Aandike kwa barua, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo.